Sabato Tuliyokaa Bila Gari

Nilifika Ekerenyo kwa sababu dereva mwingine alichoka kuimba.

Mzee Makori alikuwa ametoka Ekerenyo, kule Nyamira, hadi Mombasa kununua gari kuukuu la fo-wili, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, maana njia ya kwake ilikuwa imeshinda kila kitu kingine chenye injini. Akakodi dereva huko huko Mombasa amfikishie nyumbani. Mzee ni Msabato, mzee wa kanisa, na aliamini kwamba safari ikiimbwa huenda vizuri. Dereva yule aliimba mpaka Mariakani, akaitikia kibwagizo mpaka Maungu, na nilipomkuta kwenye kituo cha mafuta pale Voi alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka, ameshika kichwa. Mimi nilikuwa naendesha lori la mchanga, na siku hiyo lori lilikuwa limelala kwa fundi.

"Wewe unajua kuendesha?" akaniuliza.

"Najua."

"Na kuimba?"

"Kidogo."

Akanikabidhi ufunguo, akavuka barabara, akasimamisha basi la kurudi Mombasa. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Ninyi vijana wa kundi letu la madereva wa nyumbani mnaoniuliza nilipitia ofisi gani, jibu ni hilo.

Mzee aliketi nyuma, upande wa kushoto, kwa kuwa aliamini mwenye gari hukaa huko. Kutoka huko alinielekeza kazi yangu yote. "Kijana, punguza." Nikapunguza. "Kijana, punguza." Nikamwambia, "Mzee, tumesimama." Tulikuwa kwenye msongamano wa Athi River. Tulilala Nairobi kwa mpwa wake, kesho yake tukashuka Bonde la Ufa, tukapita Narok, Bomet na Sotik, na kila tulipopita mji mkubwa Mzee aliomba, macho yake yamefumbwa, akitaraji kwamba yangu yako wazi. Kutoka Keroka nilianza kuona migomba imesimama kila mahali kama watu waliokuja mkutano, na chai imekatwa juu ikawa sawasawa hadi ukatamani kuilalia. Mimi nimekulia Voi, kwenye vumbi jekundu. Nilipoona udongo wa kule ni mwekundu vilevile, nikajiona nimefika nyumbani. Halafu mvua ikanyesha.

Tulikwama langoni. Si karibu na lango. Langoni penyewe, pua ndani, mkia nje. Mke wa Mzee, ambaye kila mtu humwita Mama Nyaboke kwa jina la binti yao wa kwanza, alikuja na mwavuli akalizunguka gari lote polepole.

"Hii ndiyo fo-wili?" akamuuliza mumewe.

"Ndiyo."

"Inavuta na magurudumu yote?"

"Yote."

"Basi yote yamekwama."

Aliyetutoa ni Fundi Ombui, mwenye gereji pale sokoni, aliyekuwa akipita na mkungu wake wa ndizi begani. Aliweka mkungu chini, akachuchumaa kwenye tope, akazungusha kwa vidole kile kifuniko kilicho katikati ya gurudumu la mbele, halafu cha upande wa pili. Sikujua kwamba magari ya zamani ya aina ile hayavuti mbele mpaka mtu ashuke akafunge vile vifuniko kwa mkono wake. Tangu Mombasa gari lilikuwa na magurudumu mawili ya kazi na mawili ya kusindikiza. Ombui akaniambia, "Sasa jaribu," akabeba ndizi zake akaenda. Gari likapanda.

Jioni hiyo nilipewa obokima, ndio ugali wao wa wimbi, na mboga chungu ya chinsaga, na nikasikia watoto wa nyumba wakimwita mama yao "Baba". Nikadhani njaa imeniharibu masikio. Ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba kwa Ekegusii mama ndiye baba, na baba ni tata. Nilitakiwa kurudi Voi Jumapili. Jumapili ilinyesha. Jumatatu Mzee alikuwa na safari ya Nyamira. Jumanne sikumbuki kulikuwa na nini. Niliingia pale nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilipotoka nilikuwa naficha kipara kwa kofia.

Gari lilikuwa la kijani, kwa hiyo tuliliita Kijani. Hatukuwa watu wa kujisumbua. Ombui ndiye aliyenifundisha tabia zake. Hakunifundisha kwa maneno. Alikuwa akiingia, anazima redio, ananiambia nimwendeshe kwenda sokoni na kurudi, na hasemi kitu. Mara ya kwanza nilidhani anataka tu lifti. Kumbe alikuwa anasikiliza. Anashuka, anafungua boneti, anagusa nati moja. Nanyi leo mna zile mashine za kuchomeka zinazowaambia ugonjwa wa gari kwa herufi na namba. Nzuri sana. Lakini zimeni redio kwanza.

Miaka ilivyozidi kwenda, Kijani alizidi kuwa na masharti. Mlango wa dereva ulifunguka kwa ndani tu, kwa hiyo niliingia kwa mlango wa abiria na kupita juu ya gia, nikiwa nimevaa suruali ya kanisani. Stata ilitaka kugongwa mara mbili kwa spana ya magurudumu, taratibu, kama unayebisha hodi kwa mkwe. Gia ya nne ilikuwa ikiruka, nikawa naishikilia kwa goti. Kipimo cha mafuta kilikufa, tukapima kwa fimbo. Na waipa zilipogoma, Mzee mwenyewe alifunga kamba kwenye waipa akaipitisha dirishani, na kila mvua iliponyesha alihamia mbele akawa anavuta kamba kwa mpigo wa wimbo. Wimbo ukiwa wa pole, tulikuwa hatuoni kitu.

Nimebeba kila aina ya mzigo katika gari lile. Nimebeba magunia ya chai, kitanda cha bibi harusi, na ng'ombe dume mdogo aliyetoa kichwa dirishani kutoka Ekerenyo hadi Nyamira huku watu wakimsalimia Mzee kwa kudhani ni yeye ameketi mbele. Wakati wa makambi, ile mikutano ya kila mwaka ya Wasabato, nilibeba kwaya. Kwaya ina sheria zake. Sauti ya nne, yaani besi, ikae katikati maana ni wanaume wazito. Ukiwaweka wote upande mmoja, kwenye kona gari linataka kwenda kulala. Na siku moja nilimbeba bibi mmoja jirani, mgonjwa sana, mvua inanyesha, kuelekea hospitali. Kwenye mteremko gari likaanza kuserereka kwa ubavu. Mle ndani wote walinyamaza isipokuwa yule bibi, aliyesema kwa Ekegusii maneno niliyotafsiriwa baadaye: "Mwambieni dereva mimi ndiye mgonjwa, sio gari." Alipona. Nadhani kwa hasira.

Sasa, mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa njiani. Mara kadhaa niliaga nikaondoka. Nilikwenda Kenyenya kuendesha pikapu ya duka la saruji na mabati. Nikaenda Migori. Niliwahi kurudi hata Voi, nikakaa nikitazama mlima na kukumbuka mvua. Na kila mara simu ililia.

"Kijana," Mzee angesema, "imekataa."

"Umegonga?"

"Nimegonga."

"Umegonga kwa upole?"

Hapo angeniambia, "Ngoja uisikie mwenyewe," na angeisogeza simu kwenye injini, nami nikiwa nimesimama katikati ya duka la watu Kenyenya, mifuko ya saruji inanisubiri, nasikiliza gari likikohoa Ekerenyo. Mara nyingine niliweza kuwaelekeza. Lakini mara nyingi Mama Nyaboke alimnyang'anya mumewe simu, akasema, "Mwadime, rudi tu. Chai yako iko kwa chupa." Nami nilirudi. Niseme wazi: nilipenda kurudi. Mtu asiyekaa kwao hupenda kuwa mahali ambapo kitu hakiwaki bila yeye.

Nyaboke, yule binti, alikua, akasoma, akapata kazi ya ofisi Kisii mjini. Kila alipokuja nyumbani alilitazama gari kama mtu anavyotazama jino la mzee wake. "Tata, hili gari litawaua." Mzee alimjibu kwamba limewabeba wote na halijaua mtu. Ilikwenda hivyo mpaka Sabato moja tulipokuwa tunakwenda Kisii kwenye ibada ya pamoja, kanisa la Nyanchwa, pale mlimani juu ya mji. Mama Nyaboke alikuwa ameketi mbele na viatu vipya. Tulipofika lami akakanyaga sakafu kwa nguvu kidogo, kama afanyavyo kila akiniona sijapunguza. Sakafu ikaachia. Kutu ilikuwa imeila kutoka chini, ikabaki zulia tu. Kiatu kimoja kikabaki barabarani, na mguu wake ukabaki ukiitazama lami ikipita. Aliingia kanisani na kiatu kimoja, wima, akaketi safu ya mbele. Tulipotoka akamwambia mumewe, "Baba Nyaboke. Chagua. Gari au mimi." Mzee aliomba muda wa kufikiri, nayo haikuwa busara.

Mama alikuwa na sharti moja: gari lijalo liwe la otomatiki, aendeshe mwenyewe. "Nimechoka kungojea," alisema. "Kungojea mvua, kungojea fundi, kungojea Mwadime arudi kutoka Kenyenya." Nyaboke alinitazama, akatazama pembeni. Wote watatu tulielewa kitu kile kile. Gari linalowaka kwa kugeuza ufunguo, lisilo na gia za kushikilia kwa goti, halihitaji dereva wa kupita juu ya viti. Mzee peke yake ndiye aliyeendelea kusema, "Kijana atalizoea tu."

Nyaboke akapata gari. Lilikuwa Nyanchwa hapo hapo, kwa Mzee Onsongo, Msabato pia, mzee wa kanisa pia, ambaye watoto wake wamehamia ng'ambo na magoti yake hayapendi tena kupanda gari refu. Fo-wili la rangi ya fedha, kuukuu lakini lililotunzwa. Kijani naye akapata mnunuzi, mfanyabiashara wa mbao wa Kenyenya, ambaye hakuhitaji sakafu. Tatizo likawa siku. Jumamosi ni Sabato, nyumba ile hainunui wala haiuzi. Jumapili mtu wa mbao ni Mkatoliki, ana misa na ana wakwe. Katikati ya wiki alikuwa msituni. Ikabaki Ijumaa.

"Ijumaa ni karibu sana na jua," Mama Nyaboke akasema.

"Ijumaa ina mchana mzima," Mzee akamjibu.

Wasioelewa niwaeleze. Sabato haianzi asubuhi ya Jumamosi. Inaanza Ijumaa jua linapozama, na biashara ikikukuta mdomoni, unaimeza.

Mpango wa Mzee ulikuwa mzuri. Tufike Nyanchwa kwa Kijani, mtu wa mbao amchukue pale pale, tumalizane na Onsongo, turudi na gari la fedha kabla ya machweo. Nusu ya kwanza ilikwenda kama maji. Mtu wa mbao alikuja, akalipa, akakumbatiana na Mzee. Nilimwonyesha mlango, kugonga, goti, fimbo na kamba. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa masharti ya dawa. Kijani aliwaka kwa mara ya kwanza. Sijui kwa nini nilitegemea angekataa. Alishuka kilima akapotea, na Mzee Makori akapiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Nusu ya pili ilianza na chakula. Mzee Onsongo hakukubali kuzungumza na mgeni mwenye njaa. Baada ya chakula wakaanza kutafutana ukoo, na ikaonekana kwamba bibi wa huyu aliolewa jirani na shangazi wa yule, na hilo likataka chai. Mimi nilikuwa natazama dirisha. Mama Nyaboke alikuwa anatazama dirisha. Mke wa Onsongo akawasha taa. Hapo ndipo Onsongo akataja bei yake ya mwisho, Mzee Makori akainua kidole, akafungua mdomo, akasema, "Ndugu Onsongo, mimi nasema—"

"Jua limezama, ndugu," Onsongo akasema.

Mzee alifunga mdomo. Niliona jibu likirudi chini kooni kama tonge. Wote wakasimama wakaimba wimbo wa kukaribisha Sabato, na tulipomaliza hatukuwa na gari la zamani wala jipya, na hakuna aliyejua Mzee alikuwa anataka kusema ndiyo au hapana. Mama Nyaboke alimtazama mumewe usoni, muda mrefu. Mzee alitabasamu kwa utakatifu.

Tulilala pale pale. Kulipa nauli siku ya Sabato kwa Mzee haikuwezekana, na Onsongo asingetuachia twende kwa miguu hadi Ekerenyo. Asubuhi gari la fedha lilikuwa limesimama uani katikati, limeoshwa tangu Ijumaa mchana, linang'aa, na watu wazima watano walilizunguka bila kuliona.

"Sabato njema," mke wa Onsongo akasema. "Kanisa ni juu. Tutapanda na gari."

Mzee Makori akafikiri. "Nikipanda, nitakuwa nalijaribu?"

"Utakuwa unakwenda kanisani," Onsongo akasema.

"Lakini mwili utasikia. Mwili ukisikia springi, akili itapiga hesabu."

"Basi usisikie."

"Nitatembea," Mzee akaamua.

"Mimi nitapanda," akasema Mama Nyaboke. "Nitakaa tu. Sitakagua."

Onsongo aliendesha, magoti yake yakilalamika. Sisi wawili tulipanda kilima kwa miguu, Mzee na viatu vyake vya kanisani, gari likitupita taratibu kwa kilima kile kikali bila kunguruma, bila moshi. Mzee aligeuza uso akatazama miti. Pale juu Mama Nyaboke alishuka akiwa ametulia kabisa.

"Habari ya safari?" nikamuuliza.

"Njema. Hakuna aliyenipulizia upepo miguuni." Akaelekea mlangoni. "Sabato njema, Mwadime."

Baada ya ibada na chakula cha mchana alinifuata nyuma ya nyumba. Aliongea kwa sauti ya chini. "Wewe ni mtu wa Anglikana. Wewe Sabato haikushiki. Fungua boneti uangalie."

Sauti ya Mzee ikatoka dirishani, ambapo tulidhani amelala. "Amri inamtaja mtumishi. Inamtaja hata mgeni aliye kwako. Kijana ni vyote viwili."

Basi sikufungua kitu. Lakini kulala si kazi. Mchana ulikuwa na jua, na kivuli pekee uani kilikuwa chini ya gari, maana lilikuwa refu. Nikachukua gunia, nikalitandika, nikalala chali chini yake. Nami sina tabia ya kulala nimefumba macho.

Nawaambieni ukweli, sijawahi kulala chini ya gari safi namna ile. Chasisi haikuwa na alama ya kuchomelewa. Giaboksi kavu, difu ya ekseli ya nyuma kavu, hakuna tone la oili. Kutu ilikuwa ya juu juu, ile ya kusugua. Nilitafuta kasoro kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta maishani, nikizungusha macho tu, mikono kifuani kama maiti. Kila nilipokosa, nilijua nimekaribia mwisho wa kazi yangu. Ombui angeniuliza jambo moja tu: gari linasema nini? Lilikuwa halisemi kitu. Lilikuwa zima.

Nilipotoka, Mzee alikuwa ameketi barazani na Biblia kwenye magoti, pembeni yake Onsongo akisinzia.

"Kijana," Mzee akasema, akitazama mbali, "ulilala vizuri?"

Nikafikiri. Ningeweza kusema kwamba nililala vibaya. Hakuna ambaye angejua. Onsongo mwenyewe hakuwahi kulala chini ya gari lake. Mama Nyaboke alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, haikaushi, haiweki chini.

"Nililala vizuri sana, Mzee. Juu yangu kulikuwa kukavu kabisa. Sijawahi kulala hivyo tangu nije kwenu."

Mzee akafungua ukurasa, akafunga. "Hukusikia kitu?"

"Sikusikia kitu."

"Nawe unajua maana ya kulala hivyo, kwako wewe mwenyewe?"

"Najua, Mzee."

"Bwana asifiwe," Onsongo akasema, macho yamefumbwa. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani.

Jioni tulikusanyika sebuleni kufunga Sabato. Onsongo aliomba. Aliombea watoto wake ng'ambo, mvua, chai, serikali, na wasafiri wote wasio na usafiri. Jua lilikuwa limezama kitambo na bado anaomba. Alipofika kwenye amina, Mzee Makori alikuwa tayari ameinua kile kidole, pale pale alipokiacha jana yake.

"—na jeki yake," akasema.

Onsongo akauliza, "Nini?"

"Bei nimekubali. Nilikuwa nasema, mimi nasema sawa, iwe na jeki yake."

Mama Nyaboke alikaa chini. "Siku nzima," akasema. "Siku nzima, Baba Nyaboke, moyo wangu uko kwa koo, kwa sababu ya jeki."

"Jeki ni kitu cha maana," Mzee akasema. Halafu akanigeukia. Nikaona wazi kwamba naye alikuwa ameelewa gari lile halitanihitaji. "Lakini nilikuwa bado sijamwuliza kijana. Kama angesema hakulala vizuri, ningeiacha, hata na jeki." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na nilikuwa natumaini kidogo."

Onsongo alitoa jeki, haikuwahi kutumika, bado ina grisi ya kiwandani. Tulirudi Ekerenyo nikiendesha mimi, na sikuwa na kazi ya kufanya kwa goti langu.

Kumfundisha Mama Nyaboke ilikuwa kesi yangu ngumu ya mwisho. Tulianzia kiwanja cha kanisa, ambapo aligonga goli moja tu, tena kwa upole. Tatizo lake halikuwa gari, lilikuwa salamu. Ekerenyo humpiti mtu bila kumsalimia, na Mama hakujua kusalimia huku anatembea. Alisimama katikati ya barabara, akashusha kioo, "Bwakire," habari za watoto, habari za ng'ombe, na nyuma yetu pikipiki za boda boda zikapanga foleni hadi kwenye kona. Mmoja akapaza sauti, "Mathe, songa basi, tuko na abiria." Mama akampa yeye pia salamu na kumuuliza ni wa ukoo gani. Nilimfundisha kupunga. Ilichukua muda kuliko kurudi nyuma na kuegesha. Lakini alijifunza, akafaulu mtihani, na akawa anapanda ule mlima wa lango kwenye tope kama anavyomenya ndizi.

Halafu kukawa kimya. Gari likawaka kila asubuhi. Niliosha gari. Nikaliosha tena mchana. Hakuna aliyenifukuza, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mzee alitaka nisimamie wachumaji wa chai, lakini mimi na chai tumezoea kuonana kupitia kioo. Nilikwenda kumtembelea Ombui gerejini, akaniweka kiti, tukazima redio, tukakaa. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Jioni nikaenda kwa Mzee nikamwambia kwamba udereva nimestaafu, na kwamba nakwenda kwetu kuona kama mlima bado upo.

"Utarudi lini?" akaniuliza.

"Mzee, safari hii hakuna kitakachokataa kuwaka."

Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua.

Asubuhi niliyoondoka Mama Nyaboke alisema atanipeleka Kisii mwenyewe. Mzee aliketi nyuma upande wa kushoto. Mimi niliketi mbele kushoto, mahali ambapo sikuwahi kukaa, na mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki isiyokuwepo kutoka Ekerenyo hadi mjini. Hakuna aliyeimba. Walinishusha kando ya barabara, karibu na raundabauti, mahali mabasi ya Nairobi hupakia. Mama alinipa chupa ya chai na mkungu mzima wa ndizi ambao sikujua nitauweka wapi. Hatukusema mengi. Nyuma yao magari yalikuwa yanapiga honi.

Wakaondoka. Nikabaki nimesimama na ndizi, natazama gari la fedha likiingia kwenye mzunguko. Halikutoka. Lilizunguka likanijia tena, Mama akapiga honi na kunipungia mkono kwa furaha kama mtu aliyepanga iwe hivyo. Likapita. Nikasubiri. Likaja tena, mara hii kioo cha nyuma kimeshuka.

"Kijana," Mzee akasema kwa sauti, "tunatokea wapi?"

"Ya pili, Mzee. Kushoto."

"Ya pili kutoka wapi?"

Wakapita kabla sijajibu. Kondakta wa basi langu akaniita, "Mzee wa ndizi, tunaenda." Nikamwambia angoje. Likaja mara nyingine tena. Mama Nyaboke hakunitazama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, mgongo umenyooka, taa ya kushoto inawaka na kuzimika, na midomo yake ikihesabu njia. Alipita mbele yangu kana kwamba sipo, akahesabu ya pili, akakata, akatoka.

Hakupunga mkono. Nikapanda basi.